Swali la lugha: Watafuatilia nini kwenye mgongo wa mdogo wangu?

Msomaji wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameandika hivi: «Jambo Mwalimu. Mdogo wangu mwenye mgongo uliopinda atapasuliwa nje ya nchi. Barua ya hospitali inasema, kwa Kifaransa, watafanya monitorage neurophysiologique peropératoire. Nilimwambia mama kwamba banganga, yaani madaktari, wataangalia mishipa. Mama akashtuka, akauliza: kumbe damu yake nayo ni mbaya? Niseme nini? Je, naweza kuandika ‘ulinzi wa mishipa’?»

Jambo ndugu yangu. Mama yako hakukosea. Kiswahili kimelibebesha neno mshipa mzigo mkubwa mno: mshipa wa damu, kano inayokaza mguu, hata ugonjwa wa ngiri watu huuita mshipa. Asiye na haya tunasema hana mshipa wa aibu. Mzazi anayemwaza mtoto wake juu ya meza ya upasuaji akisikia mishipa, ataona damu tu.

Sema neva. Linaandikwa hivyo hivyo umoja na wingi: neva yake, neva zake. Baadhi ya walimu wenzangu wanapendelea «mshipa wa fahamu», na mimi hulitumia ninapomfafanulia mtu neva ni nini. Katika maneno ya kumwambia mama ningeliepuka, maana tunasema pia kupoteza fahamu, na hofu ya pili itaingia mahali pa ile ya kwanza.

Kazi kubwa iko kwenye kitenzi. Kuangalia kwaweza kuwa kwa macho tu. Kuchunguza ni kutafuta ugonjwa usiojulikana, na hapa mgongo unajulikana. Kupima kuna mwanzo na mwisho: unapima, unapata jibu, unaweka kipimo chini. Zamani kidogo upasuaji wa namna hii ulitegemea kupima hasa. Mwaka 1973 Pierre Stagnara na wenzake wa Ufaransa walichapisha njia yao: katikati ya upasuaji mgonjwa anapunguziwa dawa ya usingizi mpaka asikie, anaambiwa asogeze mikono, kisha miguu, halafu analazwa tena. Miguu ikisogea, wanaendelea. Lakini jibu hilo ni la dakika ile moja. Jeraha likitokea baadaye, hakuna wa kulisema.

Siku hizi mgonjwa aliyelala hubandikwa au huchomwa elektrodi ndogo, yaani vidude vya kupitisha na kusoma umeme, kichwani, mikononi na miguuni. Umeme mdogo unapitishwa kwenye neva ya kifundo cha mguu, na mashine inasoma kichwani kama habari imefika. Kisha kwa upande mwingine: kichwa kinasisimuliwa, na misuli ya miguu inasomwa kama imeitikia. Hurudiwa tena na tena mpaka upasuaji uishe, na kila jibu linalinganishwa na lile la mwanzo la mgonjwa huyo huyo. Kwa njia ile ya kusoma kichwani, wengi huchukua kama onyo nguvu ya jibu ikishuka kwa asilimia 50, au likichelewa kwa asilimia 10. Hapo daktari anasimama, anaangalia shinikizo la damu, pengine analegeza chuma alichokaza.

Kitendo cha namna hiyo ni kufuatilia. Tazama umbo lake: kufuata, kufuatia, kufuatilia. Nyongeza ya -ilia au -elea huongeza ung'ang'anizi: kwenda, kuendea, kuendelea; kupiga, kupigilia sakafu mpaka ishike. Anayefuatilia haondoi macho. Sijui kitenzi kingine cha Kiswahili kinachoubeba ukeshaji huo vizuri zaidi.

Ulinzi, hapana, na nakuomba sana usimwandikie mama hivyo. Mlinzi huzuia, mashine hii huonya, na anayezuia ni daktari, akiwahi. Neno ulinzi linampa mama ahadi ambayo hospitali haikuitoa.

Kuna jambo moja hukuliuliza, ila najua litakufikia. Barua hizo hutaja moelle épinière. Kwa kuwa Kifaransa hutumia moelle kwa vitu viwili, anayetafsiri haraka ataandika uboho, na uboho ni ule wa ndani ya mfupa, tunaoufyonza kwenye nyama. Uti wa mgongo nao ni nguzo ya mifupa. Kamba laini ya neva inayopita ndani ya nguzo hiyo, ambayo ndiyo wanaihofia, huitwa ugwe wa mgongo. Ugwe ni kamba nyembamba, na neno limekaa pake kabisa.

Neno la kufuatilia linafaa na kichwani pia. Anapotolewa uvimbe karibu na neva ya uso, elektrodi huwekwa kwenye misuli ya uso, na neva ikiguswa kipaza sauti hulia. Utasema vilevile: wanafuatilia neva ya uso.

Kwenye karatasi, basi, andika «ufuatiliaji wa utendaji wa neva wakati wa upasuaji». Mama mwambie hivi: «Mama, damu yake ni nzuri. Wakati banganga wanamnyoosha mgongo, kutakuwa na mtu mwingine kwenye mashine, kazi yake ni kufuatilia kama habari bado zinapita kati ya kichwa na miguu. Zikidhoofika, atawaambia hapo hapo.»