Nilivyoacha kufuga minara nikaanza kulea viraka

Mimi ni fundi simu hapa Mwanga, Kigoma. Kati ya mteja na mteja naendesha timu yangu ya basketi kwenye BuzzerBeater, gemu la mtandaoni lililoanza mwaka 2007. Humo hukimbizi mchezaji kwa kidole. Wewe ni meneja: unasajili, unapanga kikosi, unachagua zoezi la wiki, halafu unakaa pembeni kuangalia uliyoyataka. Halili bando, ndiyo maana nimelizoea. Vijana wawili watatu wa hapa mtaani wameanza kulicheza na kila mmoja ananiuliza swali lilelile: mchezaji anayejua kila kitu anatengenezwaje? Nawajibu hapa kwa mara moja, maana mdomo umechoka.

Naanza na hasara yangu. Mchezaji wangu wa kwanza wa kujivunia alikuwa senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, mwenye miaka 18, urefu sentimita 213. Nilimwita Mnara. Misimu mitatu mfululizo, na msimu ni wiki 14, nilimpa vitu vya ndani tu: kufunga chini ya kikapu, ulinzi wa ndani, ribaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu). Alipanda kama unga wa mandazi. Kila Ijumaa, siku ambayo matokeo ya mazoezi hutoka, nilikuwa naacha bisibisi mezani kwanza nimwangalie Mnara kaongeza nini. Mteja asubiri.

Shida ilikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni mshahara. Kwenye gemu hili mshahara hupangwa upya msimu mpya unapoanza, na kinachoupandisha ni ujuzi mkuu wa nafasi ambayo mchezaji anaiweza zaidi. Senta uliyemlundikia vitu vitatu vya ndani anakulipisha kama mfalme, wakati hawezi kutoa pasi ya mita mbili. Nilipofungua ukurasa wa fedha msimu wa nne nilidhani nimekosea timu. Ya pili ni uwanjani kwenyewe: akibanwa na walinzi wawili anapoteza mpira, akivutwa nje ya eneo lake anapigwa chenga na kila mtu. Nilimpeleka sokoni, akauzwa kwa bei ya kutupa. Wenye akili walikuwa wameshaona mshahara wake.

Kwenye soka letu, mtu anayepangwa beki wa kulia leo na kiungo kesho tunamwita kiraka, na si tusi. Nikaamua mchezaji wangu anayefuata awe kiraka. Ugumu wa kumtengeneza uko kwenye jambo moja ambalo wengi hawalisomi vizuri: zoezi linafuata nafasi. Kila wiki unachagua zoezi moja tu. Pasi ni ya pointi gadi, yule anayepandisha mpira na kuwagawia wenzake. Ribaundi ni ya watu wa ndani. Mchezaji akicheza dakika 48 kwenye nafasi ya zoezi ndani ya wiki hiyo, anapata zoezi kamili. Akicheza pungufu, anapata pungufu. Kwa hiyo ukitaka senta ajue pasi hakuna uchawi wala njia ya panya. Lazima umsimamishe pointi gadi, kwenye mechi ya kweli, mbele ya watu, aaibike.

Huyo wa pili nilimpata ana miaka 18, sentimita 206, mwembamba mwembamba, nikamwita Mgebuka kama samaki wetu wa ziwani. Mechi yake ya kwanza ya pointi gadi nilikuwa naifuatilia mstari kwa mstari kwenye simu ya mteja niliyokuwa naipima kioo. Mgebuka anapandisha mpira. Mgebuka ananyang'anywa. Mgebuka anatoa pasi, mpira unatoka nje. Mpwa wangu, ambaye hushinda mezani kwangu shule zikifungwa, alikuwa anachungulia begani.

"Mjomba, huyu si ndiye mrefu kuliko wote? Kwa nini anapandisha yeye?"

"Anajifunza."

"Anajifunza kufungwa."

Tulifungwa kwa tofauti ya pointi 37. Ilikuwa mechi ya kirafiki, na hapo ndipo ushauri wangu wa kwanza ulipo: aibu ipeleke kwenye kirafiki. Kwa kawaida unapata mechi tatu kwa wiki, mbili za ligi na moja ya katikati ambayo huwa ya kombe, au ya kirafiki ukishatolewa kwenye kombe. Mimi siku hizi nikitolewa mapema kwenye kombe sinuni. Kwenye ligi nampanga mwanafunzi nafasi ngeni pale tu ninapokutana na timu ya mkiani.

Piga hesabu ya dakika. Mechi moja ina dakika 48, mechi tatu zinakupa 144, yaani nafasi moja inalisha wanafunzi watatu kwa wiki, si zaidi. Ukijaza wanne, wote wananyonya kidogo kidogo na hakuna anayekua. Kuna mazoezi ambayo unaweza kuyatandaza kwa nafasi mbili au zaidi, lakini ukitandaza, kasi inapungua, kama chai uliyoiongezea maji kwa sababu wageni wamekuja. Kuhakikisha mwanafunzi anamaliza dakika zote, mwandike yeye mwenyewe kama anayeanza, kama wa akiba na kama wa akiba wa mwisho kwenye nafasi hiyohiyo. Hapo kinachoweza kumtoa ni faulo au kuumia. Halafu usimchoshe: jumla ya dakika zake za wiki mimi naiweka kati ya 60 na 70. Akizidi sana fomu inashuka, akikaa benchi nayo inashuka.

Kuhusu nini kitangulie, watu tunabishana. Mimi naanza na vile vigumu kwa umbo lake. Mrefu hujifunza vitu vya ndani haraka na vya nje taratibu. Mfupi kinyume chake. Na umri unapunguza kasi kwa wote, mwenye miaka 18 anashika haraka kuliko wa 22. Basi huo ujana unaufujaje kwenye ribaundi ambayo senta ataipata tu hata baadaye? Mgebuka nilimpa misimu miwili ya pasi, kumiliki mpira na chenga, nikapanda naye na kushuka naye daraja, ndipo nikamrudisha ndani. Tena ujuzi huvutana: kile kilichobaki nyuma sana ya wenzake wa karibu huwa hakisumbui kukipandisha.

Anayeona naota amwangalie Nikola Jokić. Senta wa mita 2.11, alichaguliwa wa 41 mwaka 2014 timu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, zilipokuwa zinagawana wachezaji wapya, leo ana tuzo tatu za mchezaji bora wa ligi hiyo na ubingwa wa 2023 akiwa na Denver, na silaha yake inayoogopwa ni pasi. Ndugu yetu Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili mwaka 2009, na kilichompeleka pale juu ni urefu na kuzuia mitupo. Simbezi, mimi ni Mtanzania na ule usiku nilishangilia kama nimechaguliwa mimi. Ila nikipanga zoezi la Jumatatu, naujua upande ninaouegemea.

Usimfanye kila mtu kiraka, lakini. Kila mchezaji ana dari la uwezo wake, na wa dari fupi ukimgawanyia vitu kumi atakuwa wa kawaida kwenye vyote kumi. Hao wape kazi moja au mbili, uwauze. Kocha wa mazoezi naye mlipe, ila angalia: mshahara wake hupanda kila wiki, mimi nimewahi kumng'ang'ania mmoja hadi akawa ghali kuliko senta.

Mgebuka sasa ana miaka 24. Hana namba hata moja ya kumtisha mtu, mshahara wake ni wa kawaida, na msimu uliopita ndiye aliyetoa pasi nyingi kuliko gadi wangu wote. Nimepewa ofa nne, nimezikataa. Pembeni yake nimeanza na kijana mpya, sentimita 208, Jumamosi anacheza pointi gadi dhidi ya timu ya mwisho. Mpwa wangu ameshasema hatafungua simu siku hiyo.