Vita vya Kagera, au vya wapi?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Nafundisha historia sekondari huku Kongwa. Mwanafunzi kaniuliza: kama wanajeshi wetu wa Tanzania walifika Kampala, mbona tunasema Vita vya Kagera? Halafu, ni "vita vya" au "vita ya"?

JIBU: Marahaba. Hilo la pili ni jepesi: kwa sanifu ni vita vya, vilianza, viliisha. "Vita ya" imeenea midomoni, ila kwenye mtihani wasiiandike.

La kwanza ndilo lenye nyama. Jina la vita humwonyesha msikilizaji pa kuanzia. Ukitaja Kagera, umempeleka Oktoba 1978, majeshi ya Uganda yalipovuka mpaka, na swali la nani mchokozi limekwisha kabla hujafungua daftari. Waganda wengi waliopigana kumng'oa Idi Amin, rais wao wa wakati huo, huviita vita vya ukombozi. Kwao kilele ni Kampala, 11 Aprili 1979.

Sasa tazama vitenzi. Mpaka waliopatana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 ulifuata nyuzi moja kusini ya ikweta, si mto. Novemba 1978 Amin akatangaza kuwa ardhi yote hadi Mto Kagera ni ya Uganda. Anayesema "aliirejesha" ameshampa hati ya kiwanja. Sisi tulisema "amevamia", na mpaka wa 1890 ulikuwa upande wetu.

"Kukomboa" lina mtego wake. Mtu hukomboa kilicho chake, kama saa iliyowekwa rehani. Kwa hiyo JWTZ, jeshi letu, kuikomboa Kagera ni sawa kabisa. Kuikomboa Uganda je? Hapo mwenye mali ni Mganda, na nadhani ndiyo maana ilikuwa muhimu vyama vya Waganda vikutane Moshi, Machi 1979, viunde UNLF, umoja wao wa ukombozi.

Na "nduli"! Neno hilo maana yake ni muuaji katili, lakini redio ililibandika kwa Amin hadi mimi, nikiwa mtoto, nikadhani ndilo jina lake la kwanza. Huku bara redio ilikuwa moja tu, ya serikali.

Hapo Kongwa mfano mnao mlangoni. Kambi ile ya miaka ya 1960 iliwapokea watu wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia. Kwetu ni wapigania uhuru. Kwa makaburu na Wareno waliowatawala, magaidi.

Kwenye mtihani aandike Vita vya Kagera. Darasani mpe sentensi tatu aziandike mara mbili, kwanza kwa "kuvamia", kisha kwa "kurejesha", na wenzake wakisie mwandishi ametoka upande gani wa mto.