Jibu: Maji ya zinki na slagi ya tanuru (usijaze mapipa bado!)

Ndugu wa Vingunguti, simama hapo hapo. Unataka kujaza slagi (mabaki magumu kama mawe ya tanuru la kuyeyushia chuma) mapipa matatu ya lita 200 upitishe maji ya kusuuzia mabati ili yatoke bila zinki, unauliza ziingie kilo ngapi na bomba la inchi ngapi, lakini hujasema slagi imetoka tanuru gani. Kazi huharibikia hapo.

Loweka slagi kwenye maji safi KWANZA. Gramu 100 za punje za milimita 5 hadi 10, lita moja ya maji, chombo chenye mfuniko, tikisatikisa kwa saa 24, chuja, pima pH (kipimo cha uasidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali). Chupa nyingine ya maji hayo ipeleke maabara wapime metali zenye sumu: kromiamu, risasi na vanadi. Slagi inayotoa sumu kwenye maji safi haiwezi kukusafishia maji machafu.

Tanuru linalotiwa chokaa hutoa slagi inayopandisha pH kupita 11. La induksheni (linaloyeyusha chuma kwa umeme) mara nyingi halitiwi chokaa, sehemu kubwa ya slagi yake ni silika, kama mchanga, haipandishi pH vya kutosha, zinki itapita karibu kama ilivyoingia. Wale wa kwenye video wanaosema "slagi ni slagi, tena ya bure" wanawatia watu hasara, na inaniudhi kwa sababu hawaoneshi hata kipimo kimoja cha maji yanayotoka.

Sasa sikiliza vizuri. Zinki huganda na kuwa tope jeupe pH ikiwa kati ya 9 na 10. Ikipita 11 tope linayeyuka tena, maji yanang'aa kabisa na zinki imo humo humo! Ukiongeza slagi ukidhani haitoshi, unazidi kuharibu. Punguza muda maji yanaokaa kwenye pipa mpaka yatoke na pH 9 na kitu, yaache yatulie, chuja kwa mchanga, NDIPO utie asidi kidogo kidogo kushusha pH chini ya 8.5 kabla ya kumwaga. Ukitia asidi kabla ya kuchuja, zinki inarudi majini na kuishia mto Msimbazi.

Unga wa slagi uchekeche utoke, unaziba. Koki ya kutolea nayo huota ukoko mweupe wa chokaa, ikwangue. Tope usimwage mtaroni, ni taka hatarishi, mtafute mwenye kibali cha kubeba taka hizo.

Ukishaloweka, weka hapa pH na aina ya tanuru, ndipo tuongelee kilo.