Barua kwa mwanangu anayetaka kuhamia kwenye makazi ya gofu milimani

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Unasema wewe na mkeo mmeona makazi mawili ya gofu milimani na hamjaelewana. Ya kwanza ni mapya, yako mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, uwanja ni mali ya mwekezaji na nyumba bado zinauzwa. Ya pili ni ya zamani, yako mita 1,200, na klabu ni ya wanachama wenyewe. Ukaniuliza: "Mama, ungekuwa wewe ungechagua yapi, na ungeanza kuangalia nini?" Najua umeniuliza mimi kwa sababu nimecheza gofu tangu ukiwa mtoto na nimekaa sana kwenye hazina ya klabu. Basi nitakujibu kwa macho ya mweka hazina kwanza, maana mchezaji akishaona mlima na nyasi hasikii tena.

Mimi ningechagua yale ya chini. Na nisingeanza na nyumba wala mandhari, ningeanza na makaratasi.

Swali la kwanza ni hili: ardhi ya uwanja ni ya nani? Sisemi ardhi ya nyumba yako, nasema ya uwanja. Uwanja wa mashimo 18, yaani njia 18 za kuchezea zenye shimo mwishoni, huchukua takriban hekta 50 hadi 70, na kijani chote hicho utakachokiona dirishani kina mwenyewe. Mwenyewe akiwa mwekezaji, biashara ikimshinda anaweza kuuza, kufunga, au kuomba kibali cha kujenga nyumba nyingine juu ya shimo lililo mbele ya baraza yako. Hayo si mambo ya kufikirika. Marekani, kuanzia mwaka 2006 na kwa zaidi ya miaka kumi mfululizo, viwanja vya gofu vilivyofungwa vilikuwa vingi kuliko vilivyofunguliwa. Uwanja ukifungwa nyasi hazisubiri, msimu mmoja tu magugu yanafika magotini, na bei ya nyumba zinazouzunguka inashuka nayo. Kwa hiyo mwambie wakili wenu atafute kwenye hati kama kuna sharti linaloifunga ardhi ile ibaki uwanja au eneo la wazi, linadumu miaka mingapi, na nani ana uwezo wa kulibadilisha. Ahadi ya mdomo ya muuzaji isikutulize. Kama hakuna sharti, ziada anayokutoza kwa ajili ya mandhari unalipia kitu ambacho hakukuuzia.

Swali la pili ni uanachama. Kuna makazi ambako ukinunua nyumba unalazimika kujiunga na klabu, na kuna mengine ambako hiari ni yako. Uanachama wa lazima huipa klabu mapato ya uhakika, na hilo ni jema, lakini siku mtakapotaka kuuza, kila mnunuzi atakayekuja atahesabu ada hiyo pamoja na bei ya nyumba, na asiyecheza ataondoka. Uliza pia kiingilio chenu kitakuwa hisa, amana au malipo yasiyorudi. Amana ndiyo inayowachanganya watu. Huandikwa kwamba itarudishwa, halafu ukisoma ukurasa wa ndani unakuta itarudishwa baada ya miaka 30, au utaingia kwenye foleni ambayo anayetoka hulipwa mmoja kwa kila watatu au wanne wanaoingia. Klabu isiyopata wanachama wapya foleni yake haisogei, na klabu ikifilisika wenye amana kwa kawaida wanasimama nyuma ya wanaoidai kwa dhamana. Usiihesabu kama akiba yako.

Makazi ya juu yana jambo jingine linalonitia wasiwasi. Mwekezaji anapouza nyumba, mara nyingi anafidia hasara ya uwanja kutoka mfukoni mwake ili ada ionekane ndogo na wanunuzi wavutiwe. Nyumba zikiisha, anakabidhi uwanja na barabara kwa wakazi, na hapo ndipo gharama halisi inajitokeza. Ada mliyotajiwa leo ni ada ya wakati wa kuuza. Muulize lini atakabidhi, kwa masharti gani, na bajeti ingesimama vipi bila mchango wake. Akikwepa swali, jibu umeshalipata.

Sasa nenda kwa wale wa chini, uwaombe hesabu zilizokaguliwa za miaka mitano iliyopita. Tafuta mstari wa mfuko wa akiba ya ukarabati. Uwanja wa gofu unachakaa hata ukitunzwa vizuri: mchanga wa bunka, yale mabonde ya mchanga ya kumtega mchezaji, hubadilishwa kila miaka mitano hadi saba, mfumo wa umwagiliaji hudumu kati ya miaka 10 na 30, na grini zenyewe, zile nyasi fupi zinazozunguka tundu la mpira, hufika siku zikafumuliwa na kujengwa upya. Klabu yenye miaka 28 ambayo haijawahi kufukua bomba ina deni kubwa ambalo halikuandikwa popote, na siku litakapodaiwa wanachama watachangishwa kwa mkupuo. Soma na kumbukumbu za vikao vya kamati. Humo utaona wanagombania nini, nani halipi, mara ngapi wamechangishwa nje ya ada. Idadi ya wanachama ikipungua mwaka hadi mwaka na ada ikipanda kuziba pengo, hata mimi nitabadilisha ushauri wangu.

Makaratasi yakikubali, hapo ndipo mkaione nyumba. Msiende na muuzaji. Nendeni Jumamosi asubuhi, wachezaji wakiwa wengi, msimame pembeni ya shimo lenyewe. Wachezaji wengi hutumia mkono wa kulia, na wasio mahiri mpira wao hukata kulia, kwa hiyo nyumba iliyo upande wa kulia, mita 150 hadi 220 kutoka kwenye tii, pale mpira unapoanza kupigwa, hiyo ndiyo inayopigwa. Kagua kuta za upande ule uone vibonyeo vya duara vyenye ukubwa wa sarafu. Tazama vigae vya paa vilivyobadilishwa, rangi yao huwa tofauti na vingine. Inama chini ya vichaka vya ua uhesabu mipira. Na angalia majirani: wakiwa wamefunga wavu au wamepanda miti minene kuelekea tii, wamekwishakueleza kila kitu. Una mtoto wa miaka minne anayecheza nje kutwa nzima, kwa hiyo hapa siongelei vioo vya madirisha. Nyumba nzuri ni ile iliyo nyuma ya tii, au iliyoinuka juu ya grini kwa umbali wa kutosha. Ujue pia kwamba mashine za kukata nyasi huanza kazi kabla jua halijachomoza.

Kuhusu urefu wa mlima, nakuelewa. Mpira unakwenda mbali kule juu kwa sababu hewa ni nyepesi, na mtu hujiona amerudi ujanani. Mwaka 2024 mashindano ya BMW Championship yalichezwa Castle Pines, Colorado, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na uwanja ulipangwa kwa urefu wa zaidi ya yadi 8,100, kwa kuwa huko mpira wa mchezaji wa kulipwa huruka karibu asilimia 10 zaidi. Lakini hewa hiyo hiyo ndiyo mtakayoivuta usingizini. Kwenye mita 2,400 kanieneo ya hewa ni kama robo tatu tu ya ile ya pwani, na kila pumzi inaleta oksijeni pungufu kwa kiasi hicho hicho. Vijana wenye afya huzoea baada ya siku kadhaa. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu sharti azungumze na daktari wake kwanza, na unajua baba yako alivyo. Sitaki uchague nyumba kwa ajili yetu, ila nataka ujue kwamba ile ya juu huenda asiweze kuja kulala.

Na baridi. Joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo makazi yako mawili yanatofautiana kwa karibu nyuzi nane, mkiwa mlima huo huo na siku hiyo hiyo. Kwa uwanja tofauti hiyo ni miezi. Jani la nyasi likiwa na sakitu, yaani umande ulioganda, ukilikanyaga linavunjika ndani na alama za viatu zinageuka nyeusi, ndiyo maana asubuhi za baridi uwanja hufungwa mpaka jua liyeyushe. Muulize msimamizi wa uwanja, si muuzaji, kwamba mwaka jana ulifunguliwa tarehe gani na ukafungwa tarehe gani, na asubuhi watu huanza kucheza saa ngapi. Ada ya mwaka ni ile ile hata mkicheza miezi mitano. Nyumba nayo ichague kwa jua. Mteremko unaotazama upande wa ikweta hupata jua zaidi, na sehemu ya chini kabisa ya bonde, ambayo wengi huiona ndiyo yenye hifadhi, ndiko hewa baridi inakoteremkia usiku ikatulia.

Milimani radi mara nyingi huja mchana, kwa kuwa jua huchemsha miteremko na hewa hupanda na kujenga mawingu. Chezeni asubuhi. Mkisikia ngurumo, acheni vijiti mkimbilie ndani ya jengo, msimame huko dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kibanda kilicho wazi na mti mrefu havikusaidii chochote.

Lakini kinachoninyima usingizi ni barabara. Hesabu njia za kutoka. Moto wa msituni hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyotembea tambarare, na makaa yake hupeperushwa na upepo mbele ya moto wenyewe. Mwezi Novemba 2018 mji wa Paradise, California, uliojengwa juu ya kigongo cha mlima, uliteketea karibu wote. Watu 85 walikufa katika moto ule, na barabara chache za kutokea zilijaa magari. Umesema makazi ya juu yana lango moja zuri lenye mlinzi. Lango moja maana yake njia moja, mwanangu. Hilo peke yake lingenitosha kukataa. Hata huko chini, hakikisha njia ya pili inapitika kweli na haijafungwa kwa kufuli, kisha angalia paa ni la kitu kisichoshika moto, na hatua za mwanzo kuzunguka nyumba hazina kuni, vichaka wala majani makavu. Halafu ombeni bei ya bima ya nyumba ile ile mnayoitaka kabla ya kusaini. Kampuni ikikataa kuikatia bima, au ikitaja bei ya kutisha, imeshaupima mlima ule kuliko mimi na wewe.

Maji niyaseme kwa kifupi: uliza uwanja unamwagiliwa kutoka wapi, na wakati wa kiangazi nani hukatiwa kwanza, nyumba au nyasi. Kama nyumba inatumia kisima na iko chini ya uwanja, pimeni maji.

Nimebakiza mkamwana wangu. Umeandika kurasa tatu kuhusu gofu, na yeye hachezi. Atafanya nini Jumanne ya mvua, wewe ukiwa kazini kwenye kompyuta na majirani wote wako klabuni? Mpeleke aongee na wanawake na wanaume wa pale wasiocheza, peke yake, bila wewe kusikiliza. Uliza kama kuna uanachama wa kijamii, yaani wa kutumia klabu bila kucheza gofu, wenye ada ndogo, kama njia za uwanja zinaruhusiwa kwa watembea kwa miguu jioni, kama watoto wanakaribishwa au wanavumiliwa tu. Uliza pia wewe mwenyewe kama wanaruhusu kucheza kwa miguu. Viwanja vingi vya milimani vina mwinuko mkali kati ya grini na tii inayofuata, hivyo kigari ni lazima, na mimi naamini mnaotembea pamoja kwa muda wa saa nne mnajuana kuliko mnaopitana kwenye vigari. Akisema hapataki baada ya kuongea nao, msinunue, hata hesabu zikiwa safi.

Kama atapakubali, bado msinunue mwaka huu. Kodini nyumba pale chini katika ule msimu ambao hakuna anayekuja kutalii, wakati wa baridi na matope. Mpime muda wa kufika hospitali yenye daktari wa dharura usiku, barabara ikiwa na utelezi. Mjaribu intaneti siku ya dhoruba, maana ndiyo kazi yenu.

Zile hesabu za miaka mitano, hati ya masharti ya ardhi na mkataba wa uanachama, nitumie zote kabla hujatia saini popote, hata fomu ya kushikilia nyumba. Nitazisoma na kukuwekea alama pembeni. Baba yako anakusalimu na anauliza kama grini za huko chini ni za mteremko. Mbusu mjukuu wangu, na mkeo mwambie nitampigia simu Jumapili, nataka kumsikia mwenyewe.

Akupendaye,
Mama