Msipeleke watu Baraza la Madiwani, kura inakuwa imeshapigwa

Mkuu, sitisha hizo koasta leo hii. Umeandika kwamba kodi ya vizimba inataka kupandishwa, Baraza linakaa karibuni, na mmechangishana mpeleke wafanyabiashara na mabango ukumbini ili madiwani "wawaone wananchi wao" kabla ya kupiga kura. Unauliza diwani huwa anapima nini akipiga kura, kura ni ya siri au ya wazi, na barua mmwandikie nani.

Sisi soko letu lilifanya hivyohivyo, kwa ushauri wa bwana mmoja aliyejitapa kwamba halmashauri anaijua kama kiganja chake. Alichukua hela ya ushauri, akachukua na nauli, akatuaminisha kwamba diwani akiona macho ya wapiga kura anageuka papo hapo. Mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka, maana mtu aliyezunguka ofisi zile miaka yote hawezi kuwa hajui mambo yanavyokwenda. Alijua, akatuacha tufunge biashara siku ya gulio, mama ntilie wakamwaga mchuzi, wauza nyanya wakaachia mali jua. Hela ile ingepika pilau la soko zima na kachumbari juu.

Tulijaza viti vya nyuma. Jambo letu lilikuwa ndani ya taarifa ya Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Mwenyekiti akataja ukurasa, akauliza kama kuna mwenye nyongeza, kimya. "Wanaoafiki waseme ndiyo." Ikatoka ndiyo moja nzito, makabrasha yakafunuliwa ukurasa unaofuata, wakahamia kwenye maboma ya zahanati. Mwenzetu mmoja alipoinuka aseme neno, mgambo akamtoa nje, kwa sababu mwananchi anaruhusiwa kusikiliza Baraza, si kuchangia. Diwani wetu, tuliyemtembezea kampeni nyumba kwa nyumba, aliinamia makaratasi yake muda wote.

Jioni nilimfuata kwake. Hakunikimbia, na kwa hilo namheshimu. Akaniambia, "Mdogo wangu, ulitaka niseme nini pale? Jambo lile tulilimaliza jana kwenye kikao cha chama."

Hapo ndipo penye jibu lako. Kabla ya Baraza, madiwani wa chama chenye wengi hukaa peke yao, na tangu uchaguzi wa 2020 mabaraza mengi karibu wote ni wa chama kimoja. Huko ndiko wanakogombana kwelikweli. Wakitoka wana msimamo mmoja, na anayeupinga hadharani anajitafutia kesi ya nidhamu. Nchi yetu, Tanzania, haina mgombea binafsi: diwani akivuliwa uanachama, kiti kimekwenda. Sasa mtu huyo unamtegemea asimame peke yake kwa sababu ya bango lako?

Na huko kwenye kikao cha chama hapimi macho ya watu. Anapima kata yake itapata nini. Kodi ya vizimba ni mapato ya ndani, na kwa diwani ambaye kata yake haina soko, kodi yenu ikipanda ndiyo bati za darasa lake. Kwa nini aikatae? Wa kwenu naye anahitaji kura za hao hao siku barabara yake ikija mezani. Mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa Baraza, anabanwa na lengo la makusanyo, na wakuu wa idara wanakuja na takwimu zilizopangika. Kabrasha lenyewe mara nyingi linamfikia diwani limechelewa, na sheria inamtaka ajue tu kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Asipokuwa na karatasi ya kwenu yenye hesabu nyingine, atafuata hesabu ya mtaalamu. Yule wetu alikwenda mikono mitupu kwa sababu hatukumpa kitu. Tulimpa kelele tu, tena siku moja baada ya mambo kwisha.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na nitairudia hata ukichoka: jambo lenu liwe kwenye muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile WDC, kabla Kamati ya Fedha haijakaa. Diwani ndiye mwenyekiti wa WDC, mtendaji wa kata ndiye katibu, wenyeviti wa mitaa au vijiji ni wajumbe. Muhtasari ukiandikwa kwamba kata inapendekeza kiwango fulani kwa sababu vizimba kadhaa vimefungwa na paa linavuja, diwani wenu kwenye kikao cha chama anasema "kata yangu imeamua", hasemi "mimi naona". Hayo maneno mawili yana uzito tofauti kabisa mbele ya wenzake. Kamati ya Fedha inakaa kila mwezi, Baraza kila robo mwaka, kwa hiyo mkichelewa kamati mmechelewa yote.

Kura ni ya wazi, kwa sauti au kwa mikono, ndiyo maana uoga ni mkubwa. Na kama viwango hivyo vinaingia kwa sheria ndogo, halmashauri inatakiwa itangaze kusudio lake ili wananchi watoe maoni. Kaangalie ubao wa matangazo pale ofisi ya kata. Tangazo kama lipo na muda haujaisha, pelekeni pingamizi kwa maandishi, mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu.

Wenye koasta waambie warudishe hela kama hawajajaza mafuta. Halafu mpigie mtendaji wa kata umuulize WDC inakaa lini, na Kamati ya Fedha inakaa lini. Akikujibu, weka tarehe zote mbili hapa chini, tuone kama mna muda.