Jibu: Mama anasema anajiweza, nimwamini?
Pole sana, dada. Umeuliza kama umwamini mama, mwenye ugonjwa wa kusahau, anaposema bado anajifanyia kila kitu. Usimwulize tu, mtazame akifanya. Mwenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi haoni palipopungua. Wala si kwamba anadanganya. Mwache apange dawa zake za leo, nawe kaa kimya. Anaanza mwenyewe, au anakutazama usoni? Anasoma pakiti ileile mara tatu? Ukimtajia hatua moja, anaendelea? Hapo ndipo penye habari. Kipimo cha watafiti Lawton na Brody cha 1969, cha kuona kama mtu anajitegemea, kina mambo 8, yakiwemo dawa, fedha na simu. Haya kwa kawaida hupotea kabla ya kuoga na kuvaa. Ila kama hajawahi kushika fedha za nyumba, tafadhali usimhesabie. Linganisha na alivyokuwa mwaka jana, uandike, umpelekee daktari.