Shauri la kihamba limeondolewa barazani: je, nikate rufaa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka 2022 halmashauri ya kijiji chetu, huku Moshi Vijijini, ilimega sehemu ya kihamba, yaani shamba la familia, alichotuachia marehemu baba na kumpa jirani. Nilifungua shauri dhidi yao katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wakili wa Serikali akaweka pingamizi la awali kwamba sikumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali kama mdaiwa, na shauri likaondolewa kabla shahidi yeyote hajasikilizwa. Je, nikate rufaa?

JIBU: Ndugu msomaji, rufaa haitakufikisha mbali, kwa kuwa Baraza lilikuwa sahihi. Tangu Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, iliporekebishwa mwaka 2020, anayeishitaki mamlaka ya serikali za mitaa, halmashauri ya kijiji ikiwamo, hana budi kumuunganisha Mwanasheria Mkuu, na asipofanya hivyo mwenendo wote ni batili. Shauri lenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu, nayo ipo hapo hapo Moshi, hata kama thamani ya kihamba haifikii shilingi milioni 300 ambazo Baraza lina mamlaka nazo. Ni mzigo mzito kwa mwanakijiji, lakini ndiyo sheria.

Hata hivyo, shauri lililoondolewa kwa kasoro ya utaratibu halijaamuliwa, na unaweza kulifungua upya iwapo muda wa ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua shauri, ambao kwa madai ya kurejeshewa ardhi ni miaka 12, haujapita. Kabla ya kufungua shauri, anza na notisi ya siku 90 ya kusudio la kushitaki kwa halmashauri, ukieleza msingi wa madai yako, na nakala zake uzipeleke kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Wakili Mkuu wa Serikali.

Usishawishike kumshitaki jirani peke yake ili kuikwepa notisi hiyo. Yeye atajitetea kwamba alipewa eneo na kijiji, na kwa kuwa uhalali wa ugawaji huo hauwezi kuamuliwa bila aliyegawa kusikilizwa, utarudi pale pale ulipo leo.

Ikiwa jirani ameanza kujenga, Mahakama Kuu imekuwa ikipokea maombi ya zuio la muda, yaani amri ya kumsimamisha kwanza, hata kabla ya siku 90 kwisha. Kila notisi unayoipeleka, hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa mapokezi wenye tarehe, kwani pingamizi linalofuata huwa ni kwamba notisi haikupokelewa.